Ndege Kongwe, Tiketi Mpya

Tarehe 18 Februari 2019 Boeing 747 ya British Airways ilitua Heathrow, London, na watu wenye kamera walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye uzio wakiisubiri. Ndege yenyewe haikuwa ngeni. Ilikuwa imebeba abiria kwa karibu miaka 20. Kilichowavuta ni rangi. Mkia ulikuwa wa buluu iliyoiva, na juu yake alama ya dhahabu, kama zilivyokuwa ndege za BOAC, mmoja wa wazazi wa British Airways, shirika lililokoma mwaka 1974. British Airways ilikuwa ikiadhimisha miaka 100 tangu kampuni inayoihesabu kuwa babu yake ianze safari za London na Paris, tarehe 25 Agosti 1919. Katika wiki zilizofuata ndege nyingine tatu zilivishwa mavazi ya zamani, na picha zake zikaenea duniani bila shirika kulipia nafasi gazetini.

Jambo hili linastahili kuulizwa. Kampuni ya simu haiuzi simu mpya kwa picha ya ile ya kuzungusha kwa kidole, wala hospitali haijitangazi kwa picha ya chumba cha upasuaji cha mwaka 1930. Msafiri wa anga huikabidhi roho yake kwa mtambo, na tungetarajia avutwe na mtambo mpya kuliko yote. Hata hivyo mashirika makubwa hurudi tena na tena kwenye ndege za mapangaboi na mabawa ya turubai. Tangazo la British Airways la mwaka 2011 lilionyesha marubani wa enzi mbalimbali wakipanda ndege zao, kuanzia zile za mabawa mawili, moja juu ya jingine, hadi Concorde. Lufthansa kwa zaidi ya miaka 30 ilirusha ndege ya mwaka 1936. Katika uwanja wa John F. Kennedy, New York, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2019 ndani ya jengo la zamani la shirika la TWA imeegesha ndege ya Lockheed Constellation ya mwaka 1958 mlangoni, na wageni huketi ndani yake wakinywa vinywaji.

Nionavyo mimi, ndege kongwe huuza vitu viwili ambavyo ndege mpya haina: nafasi ya mwili, na dhamana ya umri. Sina ugomvi na hilo. Mimi pia husimama mbele ya mabango haya na kuyatazama kwa muda mrefu kuliko yanavyohitaji. Lakini kila tangazo la aina hii limechagua la kusema na la kunyamazia, na msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu zake za kuutazama uchaguzi huo kwa makini.

Turudi kwanza wakati ndege hizo zilipokuwa mpya. Imperial Airways ya Uingereza iliundwa mwaka 1924, na tarehe 28 Februari 1931 ilianzisha njia ya barua kutoka uwanja wa Croydon, London, hadi Mwanza. Mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town. Mwaka huohuo wa 1932 msanii Theyre Lee-Elliott aliichorea kampuni ndege mwembamba wa mistari michache, mabawa yakiwa yamechongoka kama mkuki, aliyeitwa Speedbird. Alama hiyo ilipita kwa BOAC, na jina lake halijafa: mpaka leo rubani wa British Airways anapozungumza na mnara wa kuongozea ndege hujitambulisha kwa jina la Speedbird. Sijui alama nyingi za biashara zilizotumika kwa muda huo wote na bado zikaonekana kama zimechorwa jana.

Kuanzia mwaka 1937 zikaja ndege za majini za Short, zilizoitwa Empire. Zilitoka Southampton, zikapita Misri na Sudani, zikatua juu ya Ziwa Viktoria huko Kisumu, kisha Mombasa na Dar es Salaam, hadi Durban. Hazikuhitaji njia ya kurukia. Bandari, ziwa na mto vilitosha, na katika bara ambalo viwanja vya ndege vilikuwa vichache hiyo ilikuwa akili kubwa. Zilibeba abiria 24 tu. Kulikuwa na sehemu ya kusimama na kuegemea dirishani ukitazama nchi ikipita chini, na usiku abiria walishuka wakalala hotelini.

Mabango ya wakati ule hayakuwa na hata chembe ya hamu ya zamani. Mojawapo ya mitindo iliyopendwa ilikuwa kuichora ndege ikiwa imepasuliwa ubavuni, kama samaki anayetaka kubanikwa, ili mtazamaji aone jiko liko wapi, mizigo ya barua imepangwa wapi na viti vimeelekea wapi. Bango lilikuwa darasa. Watu waliogopa kuruka, na aliyetaka kuwauzia tiketi alilazimika kuwafungulia tumbo la mtambo na kusema: tazameni, humu mna meza, mna vitambaa vya meza, mna mtu anayepika. Mpinzani alikuwa meli. Kwa hiyo maneno yalihesabu siku: kule meli inakokwenda kwa wiki, sisi tunakwenda kwa siku. Mchoraji naye aliinua pua ya ndege juu, akaifanya nchi kuwa ndogo, na kivuli cha mabawa kikaanguka juu ya jangwa au msitu.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Picha ileile ambayo mwaka 1937 ilisema kesho, leo inasema jana, na bado inauza. Mistari haijabadilika, aliyebadilika ni mtazamaji. Mtu wa mwaka 1937 aliona haraka. Sisi tunaona utulivu: abiria 24, kitambaa cheupe, usiku wa kulala kitandani. Kile ambacho wale waliosafiri walikihesabu kuwa uchovu, yaani siku kadhaa za kushuka na kupanda, kwetu kimegeuka kuwa starehe.

Sababu si ngumu kuiona kwa yeyote aliyekaa kiti cha kati. Boeing 737-800 moja inaweza kuidhinishwa kubeba abiria hadi 189. Magoti hugusa kiti cha mbele, chakula hununuliwa, begi hupimwa. Pamoja na hayo, mashirika makubwa mengi hununua ndege zao kutoka kwa watengenezaji wawili, Boeing na Airbus. Ukifumba macho ukaingia, huwezi kujua uko kwa nani mpaka usikie tangazo la mhudumu. Ikiwa mtambo ni mmoja na kiti ni kilekile, shirika litajitofautishaje? Bei hushushwa na kila mtu. Rangi hupakwa na kila mtu. Lakini historia haiagizwi kiwandani. Shirika lililoanzishwa miaka mitano iliyopita linaweza kununua ndege mpya kuliko ya KLM ya Uholanzi, lakini haliwezi kununua mwaka 1919, ambao KLM ilizaliwa na haijabadilisha jina tangu hapo.

Wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno, na watu wa matangazo wa Ulaya wameifikia hekima hiyohiyo kwa njia yao. Ndege kongwe hukaa katika tangazo kama mzee anavyokaa barazani: haisemi mengi, ila kuwapo kwake kunawatuliza waliopo. Humwambia abiria kwamba shirika hili lilikuwepo babu yako alipokuwa kijana, na litakuwepo ndege yako itakapotua. Kwa biashara inayouza usalama usioonekana, ujumbe huo una thamani kubwa. Na gharama yake ni ndogo, kwa kuwa ndege hupakwa rangi upya kila baada ya miaka kadhaa. Kubadilisha mchoro mara moja hakuongezi sana.

Tatizo huanza tunapouliza: mzee huyu ni wa ukoo gani hasa?

Chukua Lufthansa na Junkers Ju 52 yake. Ni ndege ya injini tatu yenye bodi la mabati ya mikunjo, kama yale tunayoezekea nyumba, na Wajerumani huiita kwa mapenzi Shangazi Ju. Iliundwa mwaka 1936. Ilitumika Norway, ikauzwa Ecuador, ikaachwa huko miaka mingi, ikapelekwa Marekani, na Lufthansa ikainunua mwaka 1984. Kuanzia 1986 hadi 2018 ilibeba abiria waliolipa ili waruke polepole juu ya miji ya Ujerumani, na popote ilipopita watu walitoka nje kuitazama. Ubavuni iliandikwa D-AQUI kwa herufi kubwa, namba yake ya ujana. Namba yake halali kisheria ilikuwa nyingine.

Shirika lenyewe nalo liko hivyo. Lufthansa ya leo iliundwa mwaka 1953 na kuanza safari mwaka 1955. Lile la kabla ya vita lilikufa mwaka 1945; jipya lilinunua jina na nembo ya korongo, iliyochorwa na Otto Firle mwaka 1918. Hakuna ubaya katika kununua jina. Lakini anayenunua jina hununua na madeni yake ya kumbukumbu, na tangazo la ndege hupenda kuchukua jina na kuyaacha madeni. Ndege za aina ya Ju 52 zilikuwa miongoni mwa zile zilizoushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, Hispania, tarehe 26 Aprili 1937. Shangazi huyo hakubeba abiria peke yao.

Naweza kuambiwa kwamba tangazo si kitabu cha historia. Nakubali. Sidai kila bango liandikwe majina ya waliokufa. Ila ipo tofauti kati ya kunyamaza na kugeuza. KLM na Waholanzi kwa jumla wanaienzi DC-2 iitwayo Uiver, iliyoshika nafasi ya pili katika mashindano ya London hadi Melbourne mwezi Oktoba 1934, ikiwa na abiria na barua ndani, mbele ya ndege zilizotengenezwa kwa mbio tu. Lilikuwa tangazo bora kuliko lolote ambalo pesa zingeweza kulinunua. Miezi miwili baadaye, Desemba 1934, Uiver ilianguka katika jangwa la Iraki na wote saba waliokuwemo wakafa. Ile inayoonyeshwa leo katika makumbusho ya Lelystad kwa jina hilo ni DC-2 nyingine iliyopakwa rangi yake. Makumbusho hueleza. Picha, ikishatoka makumbusho na kuingia tangazoni, haielezi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Comet, kwa sababu ulipita kwetu. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC yenye namba G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya jeti yenye ratiba na abiria wanaolipa. Ilipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kwa hiyo Entebbe iliona abiria wa jeti kabla ya New York. Matangazo yalisifu ulaini wa safari: hakuna mtikisiko, hakuna kelele za mapangaboi. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo, G-ALYP, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba na watu 35 wakafa. Mwezi Aprili ikafuata nyingine karibu na Naples. Uchunguzi ulionyesha kwamba bodi lilichoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa hewa safari baada ya safari, mpaka nyufa zikafunguka. Ujuzi huo ndio uliozifanya jeti zote zilizofuata kuwa salama zaidi. Kama ningekuwa mwandishi wa matangazo, ningethubutu kuisimulia habari hiyo: tulikosea, tukajifunza, na ndiyo maana leo unalala usingizi ndani ya ndege. Huo ndio umri wenye dhamana ya kweli.

Lipo pia swali la kuziuza safari zenyewe katika ndege kongwe. Tarehe 4 Agosti 2018 Ju 52 ya kampuni ya Ju-Air ilianguka katika milima ya Uswisi na kuua wote 20. Wachunguzi waliona kwamba marubani waliipitisha chini mno bondeni. Pia walikuta kutu na nyufa katika mabaki, ingawa si hizo zilizoiangusha. Lufthansa nayo ikaacha kubeba abiria katika yake. Nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mapenzi ya watazamaji hayawezi kuzuia kutu.

Sasa tuje nyumbani, maana Kenya ina tawi lake la biashara hii. Mwaka 1985 filamu ya Out of Africa ilionyesha ndege ndogo ya njano, Gipsy Moth, ikipita juu ya makundi ya wanyama, na tangu hapo ndege ya mabawa mawili imekuwa nembo ya safari ya kifahari. Ndege iliyotumika katika filamu iliuzwa kwa mnada Paris mwaka 2013, na ikaletwa Segera, Laikipia, ambako huonyeshwa wageni wa hoteli. Lewa nako mgeni anaweza kurushwa katika ndege ya wazi ya Waco iliyoundwa kwa mtindo wa miaka ya 1930, akiwa amevaa kofia ya ngozi na miwani ya upepo.

Nimewahi kuyatazama matangazo ya namna hii moja baada ya jingine, na kila mara jicho langu hutafuta kitu kilekile: nani yuko angani na nani yuko ardhini. Karibu daima aliye angani ni mgeni. Ardhini kuna twiga, kuna pundamilia, na pengine kuna mtu mwenye mkuki anayeinua uso kutazama. Mabango ya miaka ya 1950 yaliichora Afrika hivyo, na matangazo ya leo huyaiga bila kusita kwa kuwa ni mazuri machoni. Denys Finch Hatton, ambaye filamu ilisimulia mapenzi yake, alikufa tarehe 14 Mei 1931 Gipsy Moth yake ilipoanguka Voi. Mtumishi wake, Mkikuyu, alikufa pamoja naye. Mapenzi ya yule mzungu yameuza vitanda vya hoteli kwa miaka 40. Huyu wa pili hayumo katika picha yoyote.

Vivyo hivyo uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na kupigwa picha nyingi zenye ndege maridadi zikiwa zimeegeshwa juani, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Ukiiona picha hiyo imetundikwa kwenye ukuta wa mgahawa mpya wa Nairobi kama pambo la enzi njema, ni haki yako kuuliza enzi hiyo ilikuwa njema kwa nani.

Lakini nisiishie kwenye lawama, kwa sababu kuna zamani nyingine ambayo ni yetu kabisa na hakuna anayeiuza.

East African Airways ilianza safari tarehe 1 Januari 1946 ikiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide. Zikafuata DC-3, kisha Comet 4 mwaka 1960, Fokker Friendship, na mwaka 1966 Super VC10. VC10 ilikuwa na injini nne, zote mkiani, na ilibuniwa makusudi kwa viwanja vya mahali pa joto na miinuko, Nairobi ukiwa mmojawapo, ambako hewa nyepesi huzifanya ndege nyingine zihangaike kuruka. BOAC iliitangaza kwa kimya cha ndani yake, kwa kuwa kelele za injini zilibaki nyuma. East African ilinunua tano, zikaandikishwa kwa zamu katika nchi zote tatu: nyingine 5H ya Tanzania, nyingine 5X ya Uganda, nyingine 5Y ya Kenya. Nchi zilizokuwa huru kwa miaka michache tu ziliendesha kwa pamoja jeti bora za wakati wake hadi London. Moja kati ya hizo tano, 5X-UVA, ilipotea: tarehe 18 Aprili 1972 ndege hiyo ilishindwa kuruka Addis Ababa, ikatoka nje ya njia na watu 43 wakafa. Hilo nalo ni sehemu ya habari, na lisimuliwe. Mwanzoni mwa 1977 shirika likafa, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kila nchi ikaenda njia yake.

Sijaona tangazo la Kenya Airways, la Air Tanzania wala la Uganda Airlines linaloivaa rangi ya East African Airways, hata kwa wiki moja, hata kwenye kalenda. Naelewa kwa nini. Shirika lile lilivunjika kwa ugomvi wa pesa na siasa, na hakuna mrithi mmoja. Ila British Airways nayo haina mzazi mmoja. Imeunganishwa kutoka makampuni kadhaa yaliyokufa. Lufthansa ilinunua jina la marehemu. Kama wao waliweza kudai urithi kwa hati ya mauzo, sisi tunaweza kuudai kwa hati ya damu: mafundi waliosomeshwa na shirika lile ndio walioanzisha karakana za mashirika yaliyofuata.

Oman imetuonyesha namna. VC10 iliyokuwa ya Sultani Qaboos ilipostaafu mwaka 1987 ilirushwa hadi makumbusho ya Brooklands, Uingereza, karibu na pale zilipoundwa VC10 zote, na bado iko huko ikiwa na rangi zake za Oman. Anayeiona anajua ilikuwa ya nani.

Mwaka 2046 East African Airways itatimiza miaka 100 tangu safari yake ya kwanza. Kuna muda wa kujiandaa, lakini si kwa kila kitu, kwa maana waliokuwa vijana shirika lilipokufa leo ni wazee. Kama nyumbani kwenu, iwe Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Zanzibar, kuna sare iliyokunjwa sandukuni, ratiba ya safari, tiketi ya karatasi au albamu ya mzazi aliyekuwa mhudumu, fundi au karani wa shirika lile, msiitupe. Andikeni nyuma ya kila picha nani ni nani na ilikuwa mwaka gani, na mumsikilize aliyebaki kabla hajachoka kusimulia.

Kwa maana ndege zenyewe hazikwenda mbali na kumbukumbu kama tunavyodhani. Super VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani, na kupakwa rangi ya kijivu ya jeshi. Ile iliyokuwa 5H-MMT ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani, tarehe 25 Septemba 2013. Ile iliyokuwa 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa kiwandani, ilitua siku moja kabla yake Dunsfold, kusini mwa London, na ikahifadhiwa hukohuko ikiwa na rangi ya kijivu.